Mwanafunzi Namba Saba

Darasa la Tarumbeta,
Makambako,
Njombe.
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Manase,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Angela na watoto mkiwa wazima, na kwamba huko Ujerumani jua limewatokea walau kidogo, maana kila picha unayotuma umevaa koti. Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Baridi ya mwaka huu imeshuka kwelikweli. Asubuhi maji ya ndoo yanakuwa na utando wa barafu, na upepo wa Makambako unaujua mwenyewe, hauna adabu hata kwa mtu mzima. Magoti ya Mama yanamsumbua, lakini bado anakwenda ibada ya kwanza kwa miguu na anakataa kushikwa mkono. Mimi kifua kilinibana mwezi wa tano, sasa nimepona. Tunamshukuru Mungu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ninayo na WhatsApp ninayo. Sababu ni kwamba kwenye simu una tabia ya kunimalizia sentensi. Nikianza tu, unasema "ndiyo dada, nimekuelewa dada," na simu inakatika nikiwa sijasema nililopigia. Karatasi haina pa kuingilia. Utaisoma mpaka mwisho, na kama ni kuchukia utachukia ukiwa umeshaisoma yote.

Habari yenyewe ni ya Rejoice, mtoto wa marehemu Ema wetu. Hakupata nafasi ya chuo. Ile nafasi moja ya kusomea ualimu wa muziki, miaka miwili, kula na kulala hukohuko, ambayo kamati yetu ilipewa kupendekeza jina, imekwenda kwa mwingine. Na Rejoice ameacha kupiga tarumbeta. Sisemi amepumzika, nasema ameacha. Aliyemnyima nafasi hiyo ni wewe, kwa kalamu yako, na mimi nilikushikia karatasi. Najua hujui, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka mwezi wa tisa mwaka jana uliponitumia zile fomu za utafiti wako. Ulinieleza kwamba hutaki kujua nani anapiga vizuri na nani anapiga vibaya. Ulitaka kupima namna mwanafunzi anavyoyafuatilia malengo yake ya mazoezi: anajipangia nini, anajitahidi kiasi gani, anafika wapi. Wanafunzi wangu wote kumi na mmoja, kwa wiki kumi na mbili. Jumapili mwanafunzi aandike lengo lake la wiki, Jumamosi jioni ajipe alama mwenyewe, moja hadi tano, kwenye maswali matatu. Je, nimejitahidi? Je, nimefikia lengo? Je, naona ninasonga mbele? Jumatano aniletee darasani.

Ukasisitiza nisikutajie majina, kila mtu awe namba, usije ukapendelea. Ukasema pia nisiwaambie kwamba mtafiti ni ndugu yangu, wasije wakajaza kwa kuniridhisha mimi. Nikawaambia ni mtaalamu mmoja wa Ujerumani. Namba niliwapa kwa kufuata walivyoketi siku ile. Rejoice alikuwa wa saba, karibu na dirisha.

Sikuona ubaya. Nakiri hata nilifurahi. Nilijiona mwalimu wa kisasa, nina faili lenye vigawanyo vya rangi, na wazazi walipopita nililiacha wazi mezani ili walione. Baba alifundisha bendi ya usharika miaka arobaini akiwa na fimbo ya mwanzi na masikio yake mawili. Mimi nikaona nimemzidi, kwa sababu nina fomu.

Wewe Rejoice ulimwacha ana miaka kumi na mbili, anakimbiza kuku. Sasa ana kumi na tisa, alimaliza kidato cha nne mwaka juzi, alikuwa anaishi na Mama kijijini na kulima naye viazi. Ngoja nikueleze alivyokuwa akifanya mazoezi, kwa kuwa hilo fomu yako haikuuliza. Asubuhi kabla ya shamba alikuwa anakaa nyuma ya jiko, anaweka kile kipande cha kupulizia kwapani mpaka kipate joto, kwa sababu chuma cha asubuhi huku kinabandua ngozi ya midomo. Kisha anapiga sauti ndefu, mojamoja, robo saa nzima, bila wimbo wowote. Unazikumbuka zile sauti ndefu. Baba alitupigisha mpaka wewe ukalia ukasema heri uende kuchunga. Rejoice hakulazimishwa na mtu, na majirani wakawa wanajua saa kwa tarumbeta lake.

Akipiga mazishini, kwaya haishuki sauti. Mzee Efraimu, mwenyekiti wa kamati yetu ya muziki, mtu ambaye hajawahi kumsifu hata mkewe, siku moja alivua kofia katikati ya wimbo akaishika mpaka mwisho. Nilipomuuliza akasema kichwa kilikuwa kinawasha.

Sasa tuje kwenye fomu. Juzi nilizipanga fomu zake zote kumi na mbili mezani nikazisoma moja baada ya nyingine. Nakala zake zimo kwenye bahasha hii. Wewe najua uliziona kama tarakimu tu. Maneno yake, yale anayoandika mwanafunzi pembeni, uliniambia niyaache kwanza, kwamba uchambuzi wa maneno utafuata baadaye. Basi baadaye imefika, nikusomee.

Wiki ya kwanza: "Lengo: kushika sauti moja kwa pumzi moja mpaka Bibi amalize kumimina chai vikombe vinne. Nimefikia: 1. Nilifika kikombe cha tatu, na Bibi alikuwa anamimina haraka ili kunisaidia."

Wiki ya nne: "Lengo: kupiga beti zote bila kukwaruza. Nimejitahidi: 1. Jumanne na Alhamisi tulipalilia mpaka giza likaingia. Ningeweza kuamka mapema zaidi. Ni uvivu."

Wiki ya tisa: "Lengo: kupiga kama Babu. Nimefikia: 1." Babu huyo ndiye Baba yetu, Manase. Mtoto alijipangia miaka arobaini ya Baba aimalize kuanzia Jumapili mpaka Jumamosi, na aliposhindwa akajipa moja.

Wiki ya kumi na moja alikuwa na homa. Ameandika: "Sikuweza kupuliza. Nilifanya mazoezi ya vidole kitandani. Vidole vilikwenda vizuri. Nimejitahidi: 2. Mungu anisamehe kama nimejipendelea."

Ukijaza moja tupu kila mahali kwa wiki kumi na mbili unapata thelathini na sita. Rejoice alipata thelathini na nane. Ya juu kabisa inayowezekana ni mia na themanini, na Oktavia alipata mia moja sabini na nne.

Simsemi vibaya Oktavia. Ni binti wa familia ya Kikatoliki kutoka karibu na misheni, anapiga tromboni, ana heshima, ana bidii ya kadiri. Malengo yake yalikuwa ya kufikika. "Kupiga skeli mara mbili." Akapiga mara mbili, akajipa tano. Hakudanganya. Alipokuja kuniaga akienda chuo aliniletea asali, akaniambia huku anacheka, "Mwalimu, zile fomu nyingi nilizijaza siku moja tu, tulipokuwa tunasubiri basi." Kwake ilikuwa fomu kama fomu nyingine tunazojazishwa, unamwandikia mwenye kuuliza anachotaka kusoma ili mambo yaende. Nikacheka naye. Ningefanya nini, nilie mbele ya mtoto wa watu na asali yake?

Lakini nataka nikuulize wewe, mtoto wa Mama. Nyumbani kwetu Jumamosi jioni kulikuwa na nini?

Ngoja nikukumbushe, labda Ujerumani imekusahaulisha. Tukishaoga, nguo za ibada zikishapigwa pasi, Mama anatukalisha kwenye mkeka, na kila mmoja anataja alipopungukiwa wiki ile. Nyumba zote za uamsho kijijini zinafanya hivyo mpaka leo. Na sheria yake unaijua: ulilofanya vizuri hulitaji. Hilo ni la Mungu, ukilitaja umemnyang'anya. Kuna siku ulianza kwa kusema umepata hesabu zote darasani. Mama akakuambia urudi mwanzo useme ulichokosa, na ulipong'ang'ania kwamba hukukosa kitu, akakuambia basi umekosa unyenyekevu. Ema alicheka mpaka naye akapata la kutubu.

Ulikaa kwenye mkeka huo miaka kumi na minane. Halafu ukaenda kusoma, ukatengeneza fomu, ukaandika kwa mkono wako kwamba ijazwe Jumamosi jioni, ukamuuliza mtoto aliyelelewa na Mama: je, umejitahidi? Ulitegemea aandike tano? Aliijaza hapohapo kwenye mkeka, zamu yake ilipofika. Mama ameniambia kwamba alikuwa anaisoma kwa sauti kabla ya kuandika. Haikuwa fomu tena, ilikuwa toba, na wewe ukaijumlisha kwa mashine.

Na si yeye peke yake. Wanafunzi watatu wanaotoka nyumba za uamsho wote walipata chini ya hamsini. Kwenye mchoro wa ripoti yako umewazungushia duara jekundu ukawaita kundi lenye motisha ndogo. Mmoja wao anatembea saa mbili kuja darasani.

Nimekasirika, kalamu inatoboa karatasi. Ngoja niweke habari nyingine kidogo.

Viazi vya Mama vilikuwa vizuri, magunia tisa. Ukuta wa jiko ulioegemea upande wa mwanzi umedondoka, tumeujenga upya kwa tofali za kuchoma. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mama ananiuliza kila wiki kama utakuja Krismasi, nami kila wiki namwambia umesema utaangalia. Usiniache niendelee kulisema hilo, kama huji sema huji.

Narudi. Januari ripoti yako ikafika, kurasa tatu za Kiingereza zenye mchoro wa rangi na ushauri wako, kwa kila namba, kama anafaa kupewa nafasi ya masomo ikitokea. Chuo nacho kikawa kimeleta barua kwamba kinataka jina moja kabla ya mwisho wa Februari. Kamati ikakutana Njombe. Mwanzoni Mzee Efraimu alitaka wanafunzi wote waje wapige mbele yetu, tusikie, tuchague. Mjumbe mmoja akasema kusikiliza kuna upendeleo, sikio lina undugu lakini namba haina ndugu, na kwa bahati tunao utafiti wa mtaalamu. Halafu pakasemwa, namba ziamue. Tulikunywa chai, tukapiga kura, tukafunga kwa sala. Haikuchukua saa nzima.

Sentensi yako juu yake ninayo hapa. Kwa Kiswahili inasema hivi: "Mwanafunzi namba saba hujipangia malengo lakini hana nia ya kuyafuatilia. Kwa hatua hii sishauri apewe nafasi." Sentensi mbili tu. Nimeyahesabu maneno yake, ukitaka nitakuambia.

Mzee Efraimu, kwa nia njema kabisa, aliikata ripoti kwa mkasi, akampa kila mwanafunzi kipande chake, ili kila mmoja ajue pa kujirekebisha. Rejoice alikuja kwangu na kipande chake mkononi. Kiingereza chake ni cha shule za huku, kinamtosha kusoma lebo ya dawa. Aliniomba nimtafsirie. Nikamtafsiria.

Hakulia. Alisema tu, "Ni kweli, mama mkubwa." Akakikunja kile kipande akakiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko nafasi yenyewe. Aliamini. Miaka yote amekuwa akikiri mapungufu yake kwa Mungu, na Mungu hajawahi kumjibu kwamba asije tena. Safari hii alikiri kwa mtaalamu, na mtaalamu akamjibu hivyo kwa maandishi. Angetukanwa na mlevi njiani angejua la kufanya. Hapa aliambiwa na watu wenye elimu lilelile alilokuwa akijiambia mwenyewe kila Jumamosi, atabishaje?

Wiki iliyofuata alinirudishia tarumbeta la Baba. Alikuwa amelisafisha, ametia mafuta kwenye vitufe vyote vitatu, amelifunga kwa kitenge cha mama yake. Nilimwambia akae nalo, si la darasa, ni la ukoo. Akasema ukoo una watu wengine wenye nia. Liko juu ya kabati langu tangu siku hiyo, na kila ninapofagia chumba nazunguka upande mwingine nisilitazame.

Sasa anafanya kazi hapahapa Makambako, kwenye banda moja la kufungasha parachichi. Siku za kazi analala kwangu, Jumamosi anarudi kwa Mama. Kazi yake ni kuyatenga kwa ukubwa, makubwa huku, madogo kule, yenye kovu chini. Wanamsifu kwamba ana jicho. Jumatano darasa likiwa linapiga anarudi kwa njia ya stesheni, ambayo ni mzunguko, ili asipite dirishani kwetu. Nimemwona mara mbili akikunja kona. Upepo ukivuma kutoka kwetu kwenda stesheni nadhani anasikia hata hivyo.

Mwezi wa nne ulituma ujumbe kwamba umewasilisha utafiti wako mbele ya maprofesa na wamekupigia makofi. Mama alishukuru kanisani, usharika mzima ukakupigia makofi pia. Rejoice alikuwa benchi la tatu. Na yeye alipiga.

Niliposhindwa kuvumilia nilikwenda Njombe kwa Mzee Efraimu nikamwomba turudie uamuzi. Alinisikiliza vizuri. Alisema jina limeshakwenda, mtu ameshaanza masomo, na kwamba nafasi nyingine ya ukanda wetu, kama ipo, ni baada ya miaka mitatu. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikuwa tayari nacho. Akasema, "Mwalimu Dorkasi, wewe siku ile ulikuwepo. Mbona hukusema?"

Basi nami nikae mkekani. Ni zamu yangu.

Aliyesema kwenye kamati kwamba namba ziamue ni mimi. Yule mjumbe alipotaja undugu, wote walinitazama, kwa sababu wanajua Rejoice ni mtoto wa mdogo wangu. Niliona aibu ikinipanda mpaka masikioni. Niliogopa kesho yake isemwe sokoni kwamba Dorkasi amembeba mtoto wa mdogo wake. Kwa hiyo nikasema mimi mwenyewe, tena kwa sauti, ili wasikie jinsi nilivyo mwadilifu. Nilikuwa nimemsikia mtoto yule kila Jumatano kwa miaka minne. Nilijua anavyopiga kama ninavyojua jina langu. Nikanyamaza, nikapewa sifa ya kutopendelea, na nikaipokea.

Na kuna la pili. Kabla hujamaliza ripoti ulinipigia simu. Ulisema kuna mmoja anakutatiza, alama zake ziko chini mno hata kompyuta inadhani ni kosa. Ukaniuliza, "Dada, huyo namba saba yukoje hasa?" Umeshasahau, lakini uliuliza. Mara hiyo hukunimalizia sentensi, ulingoja. Ningeweza kusema ndiye bora kuliko wote. Ningeweza kusema tu, soma maneno yake. Wala jina nisingekuwa nimelitaja. Nikakujibu, "Yuko kama alivyojaza." Nilidhani huo ndio uaminifu, kutotia mkono kwenye utafiti wa watu. Ukasema asante dada, ukaandika zile sentensi mbili.

Kwa hiyo usidhani nimeandika haya yote kukutwika mzigo na kuondoka mikono mitupu. Nina wangu, na ni mkubwa kuliko wako. Wewe ulipima mtu usiyemjua. Mimi nilikaa naye meza moja.

Ninachokutaka ni kidogo. Usiniandikie mimi kuniomba radhi, sitasoma. Mwandikie yeye, kwa mkono, kwa Kiswahili, umwambie kwamba ile sentensi haikuwa kweli. Usimweleze utafiti ulivyofanyika wala ugumu wa vipimo. Mwambie umekosea, kama mtu anavyosema nyumbani. Na hao maprofesa wako waambie kwamba kuna nchi ambako ukimuuliza mtoto mwenye bidii kama ana bidii, atakujibu hapana. Sijui kama watakupigia makofi.

Jumapili iliyopita hakwenda kijijini, kulikuwa na kazi ya ziada bandani. Mchana tulikaa mlangoni tukichambua maharage. Niliona siwezi tena, nikamwambia yule mtaalamu wa Ujerumani ni mjomba wake Manase.

Aliacha kuchambua. Akauliza, "Mjomba alijua kwamba namba saba ni mimi?"

Nikamwambia hakujua.

"Na wewe, mama mkubwa?"

Nikamwambia nilijua.

Akaendelea na maharage mpaka yakaisha ungoni. Akapepeta, akatupa takataka, akaniwekea ungo karibu na mguu wangu. Ndipo akasema, "Ukimwandikia mjomba, mwambie nimemsamehe." Kisha akaingia ndani kukunja nguo zake za kazi.

Wiki nzima nimemngoja aongeze neno. Asubuhi ananiamkia vizuri, ananitengea maji ya moto, jioni ananiuliza kifua kinaendeleaje. Hajaongeza.

Mama anakusalimu na anasema ule vizuri, uvae soksi. Mzee Efraimu anakusalimu pia. Nisalimie Angela na watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Salamu za Rejoice nimeshakuandikia hapo juu, neno kwa neno kama alivyozisema, wala hakunipa nyingine. Zipokee, ni zako wewe.

Mungu akulinde huko uliko na kazi ya mikono yako, na akujalie usikie kabla ya kuandika.

Dada yako, ambaye bado anakupenda,

Dorkasi